Njia ya Vigari na Jua la Adhuhuri

Asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, kuliko asubuhi nyingi nilizoamka nikiwa na akili zaidi. Zilikuwa zimesalia siku nne Ramadhani iishe. Nilikula daku nyumbani kwa shangazi yangu Likoni, nikaswali alfajiri, kisha nikatia shati moja na suruali moja kwenye mfuko wa turubai na kuanza kufunga viatu. Naenda wapi? Sikujua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na miguu yangu ilikuwa na tabia ya kuamka kabla ya kichwa.

Shangazi alisimama kizingitini akanitazama.

"Idd iko njiani yaja, na wewe ndiyo kwanza watoka," akasema. "Mtapishana kwenye feri."

Nikacheka, nikambusu mkono, nikaenda zangu. Usiniige katika hilo.

Shule niliiacha darasa la sita. Watu hudhani aliyeacha shule mapema hapendi kujua. Mimi nilipenda kujua kupita kiasi, ila nilipenda kujua nikiwa nimesimama. Nimefungua redio, saa za ukutani, kufuli, na pampu ya maji ya jirani mmoja ambaye hadi leo akinikumbuka hunitaja kwa jina langu na la baba yangu. Kufunga tena lilikuwa jambo la siku nyingine.

Basi nikavuka feri, nikakatiza mji, nikavuka Makupa kwa miguu, na jua lilipoanza kunichoma kisogo nikajikuta napanda kilima cha Changamwe. Nyuma ya nyumba fulani, penye mteremko mtupu wa udongo, nikamwona mwanamke wa rika langu amepiga magoti, utepe wa fundi cherehani mkononi. Alikuwa anapima kijifereji kilichochimbwa ardhini. Akapima cha kushoto, akapima cha kulia, akasonya.

Wengine wangepita. Mimi nikauliza, "Wamshonea nani nguo humo?"

"Wewe, sanda," akajibu bila kuinua kichwa. "Ukiendelea kunikanyagia njia."

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Zainabu. Alikuwa mshonaji, mwepesi wa ulimi na mzito wa kusahau, na siku ile alikuwa na shida ambayo ilinikamata palepale kama ndoano.

Kila Idd pili, wakishatoka msikitini kuswali adhuhuri, vijana wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walishindanisha vigari kwenye mteremko ule. Vigari vyenyewe vya mikono: kipande cha mbao au kopo la maziwa, magurudumu ya ndara zilizokatwa mviringo, na chubwi, ile risasi wanayofunga wavuvi kwenye mishipi, ya kuongeza uzito. Hakuna injini wala kusukuma. Waliachia juu, mteremko wafanya kazi yake, na mwenye kufika chini kwanza huwa na maneno ya kusema hadi Idd nyingine.

Shida ilikuwa njia. Vile vijifereji viwili havikufanana. Mvua ilikuwa imekipitia cha kushoto kikawa laini kama sahani, na cha kulia kilikuwa na mizizi na mawe. Mwaka uliopita mtaa wa chini walipata cha kulia mara tatu mfululizo, wakashindwa mara tatu. Mtu akakanyaga gari la mwenziwe, mashati yakashikwa, na nyumba zilizozoea kupelekeana biriani zikala kila moja chungu chake. Mzee wa mtaa alikasirika. Akasema mashindano yamekwisha, na mteremko utalimwa mihogo. Zainabu alikwenda kwake mara tano kumwomba. Mara ya tano akakubali: Idd moja tu, ya mwisho ya kuwajaribu. Pakitokea ugomvi wa njia, jembe linaingia siku ya pili yake.

"Sasa hapa nitafanyaje?" akaniuliza, si kwamba alitaka jibu. "Udongo huu nikiuchonga leo, kesho washakuwa mwengine."

"Kwani lazima udongo?" nikasema. "Tumia mifereji ya plastiki. Ile ya mraba ya kukingia maji ya paa. Ina sakafu, ina kuta, yote yatoka kiwandani ikiwa sawa."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Na wewe wajua kuiunga?"

"Mimi?" nikasema. "Nimefunga nyumba nzima Mtongwe."

Mwanangu, ukweli ni kwamba Mtongwe nilikuwa kibarua wa kushika ngazi. Nilimtazama fundi akifunga mifereji siku mbili, nikaiona gundi, nikaziona skrubu, nikajihesabu nimehitimu.

Mifereji tuliipata. Mjenzi mmoja alikuwa amebomoa paa la ghala na kulundika mabaki yake kando ya barabara, akatugawia kumi, mitano kila upande. Nikaingia kazini kwa furaha ambayo siwezi kukueleza. Nilisawazisha mteremko, nikapanga matofali chini ya mifereji ili mwanzo uwe mkali na mwisho ulale taratibu, kwa sababu kona ya ghafla humvunja mwendo hata mwenye gari zuri. Zamani kila mtu aliachia gari lake kwa mkono, na hapo ndipo nusu ya ugomvi ilipoanzia. Nikafunga ubao mmoja wenye bawaba mbele ya njia zote mbili; ukivuta kamba, ubao waanguka na magari yote yaondoka kwa pamoja. Chini kabisa nikaweka kijiti kimoja katikati ya njia mbili, kikizunguka kwenye msumari. Gari linalofika kwanza hukisukuma kikalala upande wa mwenziwe. Hakuna tena "mimi nimeona hivi" na "mimi nimeona vile". Kijiti hakina mtaa.

Zainabu alikizungusha kile kijiti mara kumi, akatabasamu mara moja. "Likoni," akasema, maana ndilo jina alilonipa, "huenda una faida."

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ilikuwa Ramadhani. Mtu aliyefunga hafanyi kazi ya nguvu juani saa saba. Tulifanya kazi baada ya alfajiri hadi jua linapopata meno, tukaenda kulala, tukarudi baada ya alasiri hadi karibu na adhana ya magharibi. Kila gari tulilojaribu tulilijaribu kwenye baridi ya asubuhi au kwenye kivuli cha jioni. Yalishuka kama maji. Nilipitisha kidole kwenye viungo, nikakuta vimebana hata unywele haupiti. Gundi, skrubu nne kila kiungo, na mwisho wa juu na wa chini nimeukaza kwenye vigingi. Nilijiona fundi.

Jioni ya mwisho ya mfungo akapita Mzee Kombo, baba yake Zainabu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana iliyokaa kama vile bado imeshika kitu kizito. Miaka yake ya ujana na utu uzima aliimalizia kwenye gengi la reli, wale waliokuwa wakitembea kwa miguu kutoka Changamwe kupanda bara wakikaza na kubadilisha vyuma vya njia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akainama juu ya mfereji wangu, akagusa kiungo kimoja, kisha cha pili.

"Umeacha nafasi?" akauliza.

"Nafasi ya nini, mzee? Gari litumbukie?"

Vijana waliokuwepo wakacheka. Mimi nikacheka nao, na nilicheka zaidi kwa vile ni mimi niliyewachekesha.

Mzee Kombo hakukasirika. Alijifuta mikono akasema, "Haya. Chuma kizito kuliko hiki kishanifunza jambo." Akaenda zake kufuturu.

Mimi, niliyeuliza kila mtu kila kitu, niliyemsimamisha mwenye mkokoteni wa Kongowea kumuuliza kwa nini ekseli yake imekaa nyuma kidogo, sikumuuliza mzee yule chuma kilimfunza nini. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu jibu lingegusa kazi yangu mwenyewe. Kuuliza habari za mkokoteni wa mtu mwengine ni rahisi.

Idd pili ikafika. Watu walikuja wakiwa wamependeza: kanzu zimepigwa pasi, leso mpya bado zina harufu ya duka, watoto midomo myekundu kwa ubuyu. Mama mmoja aliweka karai lake la viazi karibu na katikati ya njia apate kuuza na kutazama kwa wakati mmoja. Mzee wa mtaa aliletewa kiti, akakaa, mikono juu ya bakora, uso wa mtu aliyekwisha kuagiza mbegu za mihogo.

Adhuhuri ilikuwa imeswaliwa. Jua lilikuwa utosini. Nikaushika ubao wa kuanzia, nikatazama chini ya mteremko. Mfereji wa kushoto ulikuwa umeinuka kwenye kiungo cha tatu kama mgongo wa paka aliyeona mbwa. Nikajiambia ni macho, ni jua, ni njaa niliyoizoea mwezi mzima.

"Vuta kamba, Likoni!" Zainabu akaita.

Nikavuta. Gari la Salim wa mtaa wa chini, bingwa wao, likaondoka kushoto likivuma. Likafika kwenye ule mgongo, likaruka hewani, na likatua ndani ya karai la viazi.

"Ehee! Lataka pilipili?" mtu akapiga kelele.

Watu wakacheka, na kwa muda mfupi nilidhani kicheko kitatuokoa. Lakini gari la mtaa wa juu lilikuwa limeshuka salama upande wa kulia, na kijiti kikalala.

"Ndiyo yale yale!" Salim akasema, akilichomoa gari lake kwenye mafuta. "Mwaka jana mizizi, mwaka huu plastiki. Mtaa wa juu mwatutafutia mafundi wa kuja na mifuko!"

"Nani kakutafutia?" wakajibu wa juu. "Gari lako lajua kuruka, si kosa letu!"

"Rudia neno hilo!"

"Ntalirudia kwani wewe nani?"

Mzee wa mtaa akashika bakora vizuri, kama anayetaka kusimama. Zainabu alinitazama. Hakunitukana, na ingekuwa nafuu angenitukana. Alinitazama kama mtu anayeona nguo aliyoishona mwezi mzima ikichanika mwilini mwa bibi harusi.

Mwanangu, nikupe siri yangu. Mfuko wangu wa turubai ulikuwa nyuma ya ukuta, na barabara ilikuwa hatua ishirini. Nilikuwa nimeondoka hivyo mahali pengi. Kitu kikiharibika mikononi mwangu, nilikuwa na safari. Nikaenda, nikauinua mfuko, nikautia begani.

"Huo wapeleka wapi?"

Alikuwa Mzee Kombo. Amesimama pembeni, mkononi ana msumeno wa chuma. Alikuwa ameuleta tangu nyumbani.

"Mzee, nimeharibu," nikasema.

"Nimeona. Nina macho. Nakuuliza mfuko waenda wapi." Akaninyooshea msumeno. "Kiharibike kitu kisha uondoke, wewe utakuwa umejifunza nini? Kukimbia? Hiyo mbona waijua tayari. Shika."

Nikashika. Akanivuta hadi kwenye kile kiungo, akaniambia niweke kiganja juu ya plastiki. Ilikuwa moto kama kaango.

"Kitu kikipata moto chakua," akasema, kwa sauti ya kutosha mitaa yote miwili. "Chuma chakua, sembuse hii. Kikikua na huku umekibana na kule umekibana, chaenda wapi? Chapanda juu. Sisi kwenye reli tulikuwa twaacha nafasi kila kiungo, asubuhi waiona, mchana yafumba. Siku moja ujanani mwangu niliikaza mimi, kwa uvivu wa kupima, na reli ikapinda mbele ya macho yangu. Namshukuru Mola treni ilikuwa bado mbali. Kijana huyu hakuwapendelea wa juu wala wa chini. Angalieni kulia, nao washaanza kuinuka."

Wakaenda kuangalia. Kweli ulikuwa umeanza kuinuka. Ulikuwa unangoja zamu yake tu. Ghafla kosa halikuwa la mtaa wowote, lilikuwa langu peke yangu, na sijawahi kupata faraja kama ile kutokana na aibu.

"Nisameheni," nikasema. "Mzee aliniuliza, nikamfanyia mzaha. Na Mtongwe nilishika ngazi tu."

"Nilijua," akasema Zainabu. "Hakuna fundi anayejisifu hivyo."

Nikaanza kukata. Nafasi ya upana wa kidole cha mwisho kila kiungo. Mfereji ukashuka wenyewe ukalala, watu wakasema "aah" kama wanaotazama mazingaombwe. Lakini papo hapo tukakuta shida ya pili: gurudumu dogo la ndara lingeingia kwenye pengo lile likanasa. Nikakaa kitako nikafikiri. Salim alikuwa amechutama mbele yangu, bado ana hasira, bado anafuta mafuta ya viazi. Akalipiga pengo kwa kidole.

"Kama mabati basi," akasema, kama anayelaumu. "Paa laezekwaje? La juu lalalia la chini. Gurudumu lashuka ngazi, halipandi."

Nilimkumbatia, wallahi. Alinisukuma, lakini alicheka. Tukalegeza vigingi vya chini, tukabana kidogo mdomo wa kila mfereji wa juu ili uingie ndani ya ule wa chini na kuulalia. Gundi na skrubu sasa hazikufaa, kwa sababu plastiki ilihitaji kuteleza ikikua. Zainabu akatuma mtu nyumbani kwao kuleta mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaukata vipande kwa mkasi wake wa nguo, na tukavifunga viungo kwa mipira ile: vimeshikana, lakini vyapumua. Wa mtaa wa juu walishika mifereji, wa mtaa wa chini wakafunga. Hakuna aliyewapanga. Kazi ilihitaji mikono minane kila kiungo, na mikono iliyokuwa karibu ndiyo ile iliyokuwa ikishikana mashati. Mama wa karai akauza viazi vyote.

Mashindano yalianza tena kabla ya alasiri. Zainabu akaweka sharti lake: kila jozi ishuke mara mbili, wabadilishane njia. Magari yakashuka, yakigonga kila kiungo kwa mlio mdogo, tak, tak, tak, tak, na Mzee Kombo akafumba macho akisikiliza. Siku hizi hiyo treni mpya inayoishia Miritini haina mlio ule. Vyuma vyake vimeungwa kwa moto na kubanwa kwa namna nyengine. Hiyo ni elimu yake, na nina hakika walioviweka waliuliza kwanza.

Salim alishinda. Zainabu, aliyekuwa na gari lake pia, akawa wa pili, akasema gurudumu lake la nyuma lilikuwa ndara ya mguu wa kushoto. Watu walibishana juu ya magurudumu, juu ya chubwi, juu ya nani alipuliza gari lake kwa mdomo. Juu ya njia hapana aliyesema neno. Mzee wa mtaa akainuka kitini, akajipangusa kanzu.

"Mihogo," akasema, "tutatafuta pengine."

Walipotawanyika, nilikusanya mabaki ya plastiki, nikakuta bado nimevaa mfuko wangu begani. Nilikuwa nimefanya kazi yote ile nao mgongoni. Mzee Kombo akaniuliza nalala wapi. Nikamwambia siku zote hizo nimelala barazani msikitini, pamoja na wasafiri wengine.

"Ramadhani imekwisha, majamvi yakunjwa," akasema. "Uani kwangu kuna chumba kina vyuma vyangu vya zamani. Visogeze upate pa kuweka kichwa."

Nikavisogeza. Kulikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja, na funguo za reli zenye urefu wa mkono wangu zimeegemea ukutani. Mfuko nikautundika kwenye msumari. Nilikusudia siku tatu. Nilikaa miaka mitatu, na kwa miguu yangu hiyo ni ajabu ya kusimulia. Maswali niliyoyameza jioni ile ya mfungo niliyauliza yote, moja moja, na Mzee Kombo hakuchoka kuyajibu.

Nimekuandikia haya, mwanangu, kwa sababu nimeiona njia mliyoijenga hapa Utange. Mbao ndefu, ukingo mwembamba katikati ambao gari laukalia likapita bila kugusa kuta, simu yenu ikipiga picha mwishoni polepole hadi gurudumu laonekana likivuka. Ni nzuri kuliko yangu, na nimefurahi hadi nimekosa usingizi wa mchana. Lakini nilikuona jana, mzee fulani alipokuuliza swali, ukawakonyeza wenzako.

Rudi kwake. Anayekuuliza swali juu ya kazi yako huenda ameshaiona ikiharibika mahali pengine, na amekuja kukupunguzia safari. Ukisikia neno usilolielewa, usilicheke; lishike, uulize hadi mwisho wake, hata kama mwisho wake unakuumbua. Na ukitengeneza kitu, kijaribu saa ile kitakapotumika, si saa inayokupendeza wewe. Njia ya kuchezea mchana ijaribu mchana. Rafiki mjaribu siku ya shida, si siku ya pilau. Ndoa usiipime kwa harusi. Kisha ukikosea, na utakosea, usitafute mfuko wako. Sema ni wewe, shika msumeno, ukate mbele ya watu. Aibu hupita haraka mikono ikiwa na kazi.

Mola akujaalie udadisi usiozeeka, na masikio ya kuungojea mwisho wa jibu. Aitie baraka mikono yako na ya wote mtakaoshikana nao kazini. Akuepushe na sifa za asubuhi zinazoyeyuka mchana, na popote miguu yako itakapokutua, akukutanishe na mtu wa kukukemea kwa upole kisha akakuonyesha pa kulala. Amin.